Habari za Dini katika Shule za Bunia

Mgeni apitaye katika mitaa ya Bunia, tokea Mudzipela hata Nyakasanza na Lumumba, akitua mbele ya shule na kusoma mabango yake, huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalioni tena: juu limeandikwa jina la Jamhuri na la wizara, na chini yake jina la dini. Hii ni shule ya Kikatoliki, ile ni ya Kiprotestanti, na nyingine ni ya Wakimbangu au ya Waislamu. Na zote, pamoja na tofauti hiyo, ni shule za serikali, zenye muhtasari mmoja wa masomo, mkaguzi mmoja, na walimu ambao mishahara yao hutazamiwa kutoka Kinshasa. Watu wa nchi nyingine hushindana kama sala yaruhusiwa katika shule ya umma: Marekani, Mahakama ya Juu ilikataza mwaka 1962 sala iliyotungwa na serikali isisomwe darasani, na Ufaransa mwaka 2004 ikaondoa mitandio na misalaba mikubwa katika shule zake. Katika Ituri shindano hilo lingemshangaza mzazi, kwa kuwa kwetu dini haikubisha hodi katika shule ya umma. Shule ya umma ndiyo iliyobisha hodi katika nyumba ya dini, ikakaribishwa, ikakaa, na hata leo haijajenga ya kwake ya kutosha.

Kwa sababu hiyo mabishano yetu yalikuwa ya namna nyingine, nayo ni ya zamani. Yalihusu nani mwenye nyumba, nani mlipaji, na mtoto asiye wa dini ya mwenye nyumba aketi wapi wakati wa sala. Serikali nne zimepita juu ya nchi hii, ya Leopold, ya Ubelgiji, ya Mobutu na hii tuliyo nayo, na kila moja ililijibu swali la kwanza na la pili kwa hati na mihuri. Ama lile la tatu liliahirishwa kila mara, mpaka likaandikwa katika Katiba, na hata baada ya kuandikwa limelala.

Elimu ya kwanza ya maandishi iliyofika Ituri haikuja na msalaba. Mwaka 1887, msafiri Henry Morton Stanley alipopasua msitu akimwendea gavana Emin Pasha, alizikuta kando ya mto kambi za wafanyabiashara wa pembe waliotoka Zanzibar na Manyema, akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa. Watu hao waliacha nyuma yao majonzi mengi, na si haki kuwapamba: vijiji vilichomwa, wanawake na watoto walitekwa, na pembe zilibebwa na mateka. Walakini waliacha pia lugha hii ninayoiandika, na pamoja nayo desturi ya kumkalisha mtoto mkekani mbele ya mwalimu wa chuo, akikariri alifu na be mpaka juzuu ya kwanza ikamkaa kifuani. Nguvu zao zilipovunjwa na majeshi ya Leopold katika vita vya 1892 hata 1894, wangwana, kama walivyoitwa Waislamu hao, hawakutoweka. Walibaki Avakubi, Mawambi na Irumu, na vyuo vyao vikaendelea barazani bila ruzuku wala cheti. Mwislamu wa Ituri akawa msomi asiyehesabiwa, kwani herufi alizozijua hazikuwa herufi za ofisi.

Msalaba nao ulifika kwa njia ambayo wengi hawaitarajii, maana haukuletwa na Mzungu. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895, aliingia Mboga mwaka 1896 akitokea Toro, akavuka bonde la Semliki pasipo jeshi wala fedha, akajenga nyumba ya nyasi na kuanza kufundisha kusoma. Kwa desturi ya kanisa la Uganda la wakati ule, aliyetaka ubatizo alitakiwa kwanza ajue kusoma, hata waamini wakaitwa wasomaji. Kwa hiyo kanisa na shule havikuwa vitu viwili vilivyopatanishwa, vilikuwa kitu kimoja tangu asili. Chifu Tabaro alimpokea, kisha akamgeukia. Apolo akafungwa minyororo, akapelekwa mbele ya Waingereza huko Toro, akaachiliwa, na hakukata tamaa ya kurudi. Mipaka ilipokatwa baadaye Mboga ikaangukia upande wa Wabelgiji, na Mganda yule akawa mgeni katika nchi aliyoifundisha. Alifariki huko huko Mei 30, 1933. Nalitaja jambo lake kwa kuwa wako wanaosema kuwa shule zetu ni zawadi ya dola kwa makanisa, ilhali hii ya kwanza ya kanisa ilisimama kabla mkaguzi yeyote hajakanyaga Mboga.

Dola ilipoamua kutia mkono, haikufanya hivyo kwa huruma ya watoto. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement juu ya ukatili wa mpira ilikuwa imemvua Mfalme Leopold nguo mbele ya ulimwengu, na wamisionari wa Kiprotestanti, Waingereza na Wamarekani, walikuwa miongoni mwa mashahidi waliomsema sana. Mfalme alihitaji rafiki, akamtafuta Roma. Mei 26, 1906, Dola Huru ya Kongo na Vatikani zikatiliana saini mkataba: kila misheni ya Kikatoliki ipewe ardhi, hekta 100 hata 200, bila malipo na kwa milele, nayo misheni, kadiri ya uwezo wake, ifungue shule ya kilimo na kazi za mikono, muhtasari wake upelekwe kwa gavana jenerali, na lugha za Ubelgiji ziwe sehemu kubwa ya masomo. Katika mkataba huo mtoto hakuulizwa neno, wala baba yake. Ardhi yenyewe ilikuwa ya nani kabla ya kutolewa, hilo nalo halikuandikwa.

Ituri ikagawanywa kilima kwa kilima. Upande wa Wakatoliki walitangulia mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Stanley Falls, walioongozwa na Gabriel Grison, kisha wakaja Mapadri Weupe. Na mwaka 1922 Roma ikaifanya nchi ya Ziwa Alberti kuwa eneo la kanisa linalojitegemea, ambalo mwaka 1959 likawa Jimbo la Bunia. Upande wa Waprotestanti, wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia kupitia Mahagi mwaka 1912, wakapanda kwenye nyanda za baridi za Rethy, Linga na Blukwa, na wenzao wa madhehebu ya Ndugu wakakaa Nyankunde. Mtoto aliyezaliwa karibu na Fataki au Drodro akasomea kwa mapadri, na wa Rethy akasomea kwa wachungaji, na si kwamba wazazi wao walizipima itikadi mbili wakachagua iliyo njema. Walipeleka watoto palipo karibu. Madhehebu yetu, tukitaka kusema kweli, yalitokana zaidi na urefu wa njia kuliko na ubora wa mahubiri.

Mkono wa pili wa dola ulikuwa mzito zaidi. Waziri wa Makoloni Louis Franck aliunda kamati ya elimu mwaka 1922, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1925 na 1926, ikafuatia mikataba inayotajwa kwa jina la Edouard De Jonghe, mkubwa katika wizara ile, ambayo iliwakabidhi wamisionari shule za wenyeji kwa miaka 20 na kuwaahidi ruzuku kwa walimu na wanafunzi wao. Kanuni zake zikachapishwa mwaka 1929. Lakini ruzuku hiyo ilikuwa ya misheni za kitaifa tu, na maana yake ilikuwa misheni za Kibelgiji, na hizo karibu zote zilikuwa za Kikatoliki. Waprotestanti wa Ituri, ambao walezi wao walikuwa Wamarekani na Waingereza, wakaachwa nje, na Waislamu hata hawakutajwa.

Natua hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo shina la malalamiko yote yaliyofuata. Kilo na Moto kulikuwa na migodi ya dhahabu; Irumu, na baadaye Bunia, kulikuwa na ofisi; na kote huko alitakiwa kijana ajuaye Kifaransa, hesabu na kuandika barua. Shule yenye ruzuku iliweza kumtoa kijana huyo, kwa maana ilikuwa na walimu waliolipwa, vitabu na mkaguzi wa kuithibitisha. Shule isiyo na ruzuku ilimfundisha kusoma Injili kwa Kialuru, kwa Kilendu au kwa Kiswahili, akarudi shambani akiwa Mkristo mwema na karani asiyeajiriwa. Basi dini ikawa na bei. Baba aliyetaka mwanawe avae viatu vya ofisi alikuwa na sababu ya kumpeleka kwa mapadri hata kama yeye mwenyewe aliimba kwa wachungaji, na mtoto huyo alipoingia darasani, alikuta katekisimu imo katika masomo kama jedwali la kuzidisha. Sisemi kuwa mapadri walimtia nguvuni. Wengi wao walikuwa watu wa kazi na subira, na waliojenga kwa matofali hawakujijengea wao. Nasema tu kwamba hiari isiyo na njia ya pili si hiari. Na fedha iliyolipia jambo hilo ilitoka katika kodi, ambayo Mprotestanti na Mwislamu waliilipa sawasawa na Mkatoliki.

Baada ya vita kuu ya pili mlango ulifunguliwa nusu. Mwaka 1946 waziri mliberali, Robert Godding, alianzisha shule za serikali zisizo za dini, lakini kwa watoto wa Wazungu. Na kwa kanuni za 1948 shule za Kiprotestanti zikakubaliwa kupata ruzuku zikitimiza masharti. Katika makanisa ya asili ya Kimarekani neema hiyo ilipokewa kwa shaka, kwa kuwa walikuwapo wamisionari walioamini kwa dhati kwamba kanisa lisile mkononi mwa serikali. Lakini Wakristo wenyeji, walioona watoto wao wakiachwa nyuma, hawakuwa na anasa ya shaka hiyo. Huu ni mfano mmojawapo wa kanuni nzuri iliyobebwa na mtu mmoja na gharama yake ikalipwa na mwingine.

Kisha mwaka 1954 likaja tukio ambalo wazee wa elimu waliliita vita vya shule. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imegawanyika juu ya fedha za shule za Kanisa. Waliberali na wasoshalisti wakashika serikali, na Auguste Buisseret akawa Waziri wa Makoloni. Alituma wajumbe watatu, Coulon, Deheyn na Renson, wakazunguka Kongo na kurudi na ripoti iliyozikosoa vikali shule za misheni, na Buisseret akaanza kufungua shule za serikali kwa watoto wa Kiafrika. Katika shule hizo jambo jipya likatokea: mzazi aliweza kuchagua, mwanawe asome dini ya Kikatoliki, au ya Kiprotestanti, au asome maadili yasiyo ya dini yoyote. Maaskofu walighadhibika, wakaona kuwa ugomvi wa Brussels umepakiwa melini na kuteremshwa Kongo. Na katika hilo walisema kweli. Walakini Wakongo nao hawakuwa watazamaji. Huko Stanleyville, makao makuu ya jimbo lililokuwa na Ituri ndani yake, karani wa posta aitwaye Patrice Lumumba, ambaye katika utoto wake alikuwa amesomea kwa Waprotestanti na kwa Wakatoliki pia, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono shule za Buisseret. Na upande wa magharibi ya nchi, katika miaka hiyo hiyo, watoto wa wafuasi wa Simon Kimbangu walifukuzwa katika shule za misheni kwa sababu ya imani ya wazazi wao, hata wazazi wakaanza kujenga za kwao. Kanisa lao lilitambuliwa na serikali Desemba 1959 tu. Nani angewaambia watu hao kuwa shule isiyo ya dini ni fitina ya Wazungu?

Mwaka 1958 vyama vya Ubelgiji vilipatana kwao, na miaka miwili baadaye Kongo ikawa huru, ikirithi shule nyingi za makanisa na chache za serikali. Uasi wa 1964 dhidi ya serikali ulifika Bunia. Wamisionari wengi walikimbia, na shule nyingi zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji.

Ama habari ya Mobutu yahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyejaribu kweli kuitoa dini katika shule za Kongo, na namna alivyojaribu imeliharibia jambo lenyewe jina mpaka leo. Agosti 1971 alivikusanya vyuo vikuu vya nchi, cha Wakatoliki cha Kinshasa, cha Waprotestanti cha Kisangani na cha serikali cha Lubumbashi, akavifanya kimoja cha taifa. Desemba 31 mwaka ule ule ikatoka sheria iliyoyapunguza madhehebu yanayotambuliwa: Wakatoliki, Waprotestanti waliolazimika kuwa chini ya paa moja la Kanisa la Kristo, na Wakimbangu; Waorthodoksi na Waislamu wakaongezwa baadaye. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na padri aliyethubutu kumpa mtoto jina la kigeni akatishiwa kifungo. Kardinali Joseph Malula alipopinga, alinyang'anywa nyumba na nishani, akaenda Roma kwa miezi kadhaa. Vijana wa chama chake cha MPR walitakiwa kuwa na tawi katika kila shule, hata katika seminari. Juni 1974 Krismasi ikafutwa katika siku za mapumziko. Na Desemba 30, 1974, shule zote za makanisa zikatangazwa kuwa mali ya dola.

Somo la dini likaondolewa, na mahali pake pakawekwa elimu ya uraia na siasa, yaani mafundisho ya chama hicho. Misalaba ikaamriwa iteremshwe ukutani na picha ya Rais ipandishwe. Asubuhi watoto waliimba na kucheza nyimbo za kumsifu Mwongozi, yaani Rais huyo, na mwalimu asiyepiga makofi kwa bidii alionekana. Mtu asiye na mzaha na neno dini angesema kuwa serikali iliondoa dini za watu ikaweka ya kwake, na hii ya kwake haikumpa mzazi yeyote ruhusa ya kumtoa mwanawe. Ndiyo maana hadi leo ukitamka mbele ya mzee wa Bunia maneno shule isiyo ya dini, fikira yake haiendi kwa Buisseret na maadili ya hiari. Huenda kwa nyimbo zile za asubuhi.

Jaribio hilo halikudumu. Bei ya shaba, iliyokuwa uti wa mgongo wa hazina, ilianguka mwaka uleule shule zilipochukuliwa. Dola ikajikuta na maelfu ya majengo, walimu na madaftari ambayo haikuwa na watu wa kuyasimamia wala fedha ya kuyatunza. Mobutu, ambaye hakuwa mtu wa kukiri kosa, alifanya kilicho karibu na kukiri: Februari 26, 1977, serikali yake ilitia saini na Kanisa Katoliki, na la Kiprotestanti, na la Kimbangu mkataba wa kusimamia shule za taifa, na Waislamu nao wakaingia baadaye. Katika mkataba huo dola hubaki mwenye muhtasari, ukaguzi na mshahara. Kanisa huendesha shule, hupendekeza wakuu wake, hulinda nidhamu na roho ya nyumba. Ndizo shule zinazoitwa konvansyone, na ndizo hizo za mabango niliyoyataja. Somo la dini likarudi katika ratiba, na elimu ya uraia haikuondoka. Katika buletini ya alama ya mwanafunzi wa sekondari masomo hayo mawili yakapangwa pamoja juu kabisa, kabla ya hesabu na Kifaransa, ingawa alama zake zilikuwa chache.

Kwa Waislamu wa Ituri mkataba ulikuwa na maana ambayo Mkristo huenda asiione upesi. Jumuiya iliyokuwa na chuo cha kwanza katika nchi hii, na ambayo kwa miaka sitini na zaidi haikuhesabiwa kuwa na shule, ilipata shule zenye namba ya serikali, zinazofundisha hesabu na Kifaransa pamoja na Kurani. Na jambo lililowapata Waprotestanti kwa mapadri likajirudia katika shule za Kiislamu pia, kwani watoto wa Kikristo waliokaa jirani nazo waliingia, wakakaa kitako katika somo la dini isiyo yao. Udhaifu wa mpango huu haumo katika dini fulani. Kila mwenye nyumba hukaribisha kwa sala yake.

Miaka iliyofuata ilifunga fundo hili zaidi. Dola ya Mobutu ilipodhoofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ikawa hadithi, walimu wakagoma, na wazazi pamoja na makanisa wakaanzisha ada ya kumlipa mwalimu, mzigo uliodumu mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi kuwa bure Septemba 2019. Katikati ya muda huo Ituri ilipita katika moto wa vita vya 1999 hata 2003. Nyankunde ilishambuliwa Septemba 2002, na Bunia yenyewe ilimwaga damu mpaka askari wa Ulaya walipokuja Juni 2003. Mashambulizi yalirudi Djugu baada ya hapo, na watu wakakimbilia Bunia tena. Mzazi aliyekimbia na mtoto mmoja mkononi na mwingine mgongoni hachagui bango. Huuliza darasa gani lina nafasi. Hivyo ndivyo watoto wa madhehebu yote walivyochanganyika katika madarasa ya mji huu kuliko wakati wowote, na hivyo ndivyo swali la tatu, la mtoto asiye wa dini ya mwenye nyumba, lilivyokuwa swali la kila siku.

Jirani zetu walilijibu kwa njia nyingine. Uganda ilizichukua shule za misheni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kenya kwa sheria ya 1968 iliyaacha makanisa yawe wafadhili wa shule. Tanzania kwa sheria ya 1969 ikazifanya shule za dini zilizopata msaada kuwa za taifa, ikiacha kipindi cha dini kwa kila madhehebu. Hakuna hata mmoja aliyeepuka mabishano. Huko Kenya kesi ya wasichana wa Kiislamu waliotaka kuvaa hijabu katika shule iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, katika Isiolo, ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 iliitengua hukumu iliyowapa ushindi. Nasi tutafika huko tusipokuwa na akili.

Maana sheria yetu, kwa bahati, ni nzuri kuliko desturi yetu. Katiba ya Februari 18, 2006, yasema katika Ibara ya kwanza kuwa Jamhuri haifungamani na dini. Ibara ya 22 yampa kila mtu uhuru wa dhamiri. Na Ibara ya 45, ambayo ndiyo inayotuhusu hasa, yakataza mtu kubaguliwa kwa dini katika shule za taifa, kisha yasema kuwa shule hizo zaweza, kwa kushirikiana na wakuu wa dini, kuwapa wanafunzi wadogo ambao wazazi wao wanaomba, na wanafunzi wazima wanaoomba wenyewe, malezi yanayolingana na imani yao. Soma tena masharti yake. Wazazi wanaomba. Imani yao. Haisemi imani ya mwenye shule, wala haisemi kuwa asiyeomba apewe.

Najua hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Kanisa lililojenga, likatunza paa wakati wa vita, likamlipa mwalimu dola ilipomsahau, lina haki ya kuuliza kwa nini lifiche jina la Mungu ndani ya kuta zake. Jibu langu ni kwamba halitakiwi kuficha. Padri na apige kengele yake, mchungaji aimbishe, shehe asomeshe juzuu; lakini mshahara wa mwalimu ukiwa wa raia wote, mtoto wa raia yeyote asilazimishwe kupiga ishara ya msalaba, au kutia udhu, ili apate alama za buletini. Haki ya mwenye nyumba yaishia pale inapoanza dhamiri ya mgeni, hasa mgeni aliyepangiwa nyumba hiyo na serikali. Na wale wanaotaka dini ing'olewe kabisa nawakumbusha kuwa dola iliyowahi kufanya hivyo katika nchi hii ilikuwa na mungu wake mfukoni.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule wa Bunia, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, wa Kimbangu na wa Kiislamu, kwamba Septemba watakapowaandikisha watoto, waweke katika karatasi ya kuandikisha mstari mmoja unaomuuliza mzazi kama anaomba mwanawe afundishwe dini, na dini ipi. Na asiyeomba, au aliye wa dini nyingine, awekewe somo la maadili lenye alama sawa na lile la dini, wala asisimamishwe nje kama mkosaji. Nanyi wazazi, msiiache nafasi hiyo wazi kwa kuogopa kumchukiza mkuu wa shule. Jambo hili halihitaji mkataba mpya wala waziri mpya. Ibara ya 45 imekwisha kutoa ruhusa tangu 2006.